Kamera ya mjomba na rangi ya kanga

Wiki hii nataka tuzungumze juu ya kamera za Kirusi na rangi za picha. Najua wapo watakaosema kwamba huyu bwana leo kaishiwa na habari. Nawaomba mnivumilie kidogo, kwani jambo lenyewe lilianza na ugomvi wa kanga, na ugomvi wa kanga, kama mjuavyo, si wa kudharauliwa katika nyumba yoyote ya hapa Unguja.

Mama yetu alifariki dunia mimi nikiwa na umri wa miaka miwili. Sura yake siikumbuki hata chembe. Ninachokijua ni kile kilichomo katika picha moja ya rangi, iliyopigwa Chukwani mwaka 1983. Mama amekaa barazani kwa kaka yake, nyuma yake ukuta wa chokaa, ubavuni pake kikombe cheupe cha bati, na mimi nimepakatwa. Amevaa doti ya kanga; moja kajifunga, ya pili kajitanda. Aliyepiga picha ni marehemu mjomba, ambaye miaka michache kabla yake alirudi kutoka masomoni Moscow akiwa na kamera aina ya Zorki-4K.

Dada yangu mkubwa anayo kanga sandukuni. Ni ya zambarau, pindo lake lina korosho nyeusi, na kila baada ya muda huitoa, akaifukiza udi, akairudisha. Kwake yeye hiyo ndiyo kanga ya pichani, na ndicho kitu pekee cha mama tulichobaki nacho. Kaka hakubali. Husema: "Tazameni picha wenyewe. Kanga ya mama ni nyekundu." Na kweli, pichani ni nyekundu, wekundu wa kuelekea waridi. Dada akimwonyesha korosho za pindo, kaka humjibu kwamba mchoro mmoja wa kanga hupigwa chapa kwa rangi nyingi, na kila mnunuzi wa kanga pale Darajani analijua hilo. Dada naye huwa na jibu moja tu: "Hiyo ni kamera ya Kirusi. Kamera za Kirusi hupiga nyekundu."

Ikafika siku dada akataka kumpa ile kanga binti yake anayeolewa, aingie nayo nyumbani kwake iwe kumbukumbu ya bibi yake. Kaka akasema mtoto asipewe uongo siku ya harusi yake. Maneno yakawa makali, watu wakanuniana, na mwisho nikaitwa mimi mdogo wao, kwa kuwa ni mwandishi wa habari, niseme lililo kweli. Stashahada yangu ni ya uandishi wa habari, si ya vioo wala mikanda ya picha. Lakini kazi yetu sisi ni kuuliza, nami nikauliza.

Nilianzia Chukwani kwenyewe. Siku hizi wengi wanaijua Chukwani kwa Baraza la Wawakilishi; wazee wanaijua kwa kasri la Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888 na kulijenga hapo akitafuta upepo wa bahari. Mkazamjomba bado anakaa katika nyumba ile ile. Aliposikia swali langu alicheka, akaingia ndani, akatoka na vitu viwili: mfuko wa ngozi wenye kamera, na bati la biskuti. Bati akaliweka chini. "Humo mna picha zake," akasema. "Wewe anza na kamera."

Ni kamera nzito, ya chuma. Hutazami kupitia lenzi yenyewe, bali kupitia kijidirisha kilicho juu yake. Ndani ya kijidirisha hicho kitu kimoja unakiona viwili, kama mtu mwenye makengeza. Unazungusha pete ya lenzi mpaka sura mbili ziwe moja. Hapo ujue umbali umepimika sawasawa na picha itatoka kali. Mbele imefungwa lenzi iitwayo Jupiter-8, ya milimita 50.

Sisi huku kamera hizi twaziita zote za Kirusi, lakini nasaba yao ni pana zaidi. Kamera za FED zilianza kutengenezwa Kharkiv, nchini Ukraine, mwaka 1934, katika jumuiya ya mayatima na watoto wasio na makao iliyolelewa na mwalimu Anton Makarenko. Mfano wao ulikuwa kamera ya Kijerumani ya Leica. Zorki zikafuata mwaka 1948 kutoka Krasnogorsk, karibu na Moscow. Kamera za Kiev zilitokana na mitambo na vipuri vya kamera ya Contax, vilivyochukuliwa Ujerumani baada ya Vita vya Pili vya Dunia kuwa fidia. Na hii Jupiter-8 ni mtoto wa lenzi ya Sonnar, iliyobuniwa na Mjerumani Ludwig Bertele mwanzoni mwa miaka ya 1930. Kwa hiyo anayetaka kumlaumu Mrusi kwa rangi za picha, hana budi amlaumu na Mjerumani pia.

Kwetu zilifika kwa njia iliyo wazi. Baada ya Mapinduzi ya 1964 vijana wengi wa Kizanzibari walikwenda kusoma Urusi ya Kisovieti na Ujerumani Mashariki. Kamera ilikuwa miongoni mwa vitu ambavyo mwanafunzi angeweza kumudu kununua kule na kurudi navyo nyumbani.

Sasa tuje kwenye rangi. Lenzi haina rangi ya kupaka. Kazi yake ni kupitisha mwanga, na katika kazi hiyo yaweza kuukosea mwanga kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni kuufyonza. Hakuna kioo kilicho safi kabisa. Baadhi ya vioo vya lenzi, hasa vya zamani na vile vilivyotiwa madini ya lanthani kama vya lenzi ya Industar-61 ya kamera za FED, hula kidogo mwanga wa buluu. Ukipunguza buluu, kinachobaki huelekea manjano. Ndiyo maana husemwa kwamba lenzi hizi zina rangi za joto, kama mwanga wa alasiri.

Njia ya pili ni kuurudisha mwanga ulikotoka. Ukisimama mbele ya dirisha la duka, unaona bidhaa zilizomo ndani, na unajiona na wewe mwenyewe. Maana yake ni kwamba kioo hakikuupitisha mwanga wote; kiasi kimerudi. Kila uso wa kioo unaokutana na hewa hurudisha asilimia 4 hivi. Jupiter-8 ina vipande sita vya vioo, lakini vimegandishwa katika mafungu matatu, kwa hiyo nyuso zinazokutana na hewa ni sita tu. Bertele alifanya hivyo kwa makusudi, maana hata hizo sita, zikiachwa tupu, hupoteza zaidi ya sehemu moja ya tano ya mwanga wote.

Na mwanga unaorudi hauondoki wote kwa adabu. Mwingine hubaki ukirandaranda ndani ya lenzi, ukigonga kioo hiki na kile, mwisho unaangukia kwenye mkanda mahali usipoalikwa. Hufanya kama maji katika rangi ya mchoraji. Cheusi huwa kijivu, chekundu hupoa, kijani huwa laini. Rangi haikugeuka kuwa nyingine, imezimuliwa tu.

Mwaka 1935 mtaalamu wa kampuni ya Zeiss, Alexander Smakula, mzaliwa wa Ukraine, alipata njia ya kukipaka kioo utando mwembamba mno unaozuia mwanga usirudi. Uso uliokuwa ukirudisha asilimia 4 ukawa unarudisha kati ya 1 na 2. Jupiter ya mjomba inao utando huo, lakini ni wa tabaka moja. Ukiiinamisha mbele ya dirisha utauona una rangi ya buluu ya zambarau. Tabaka moja hufanya kazi vizuri kwa rangi za katikati, yaani kijani na manjano, na huachia kidogo rangi za pembeni, buluu na nyekundu, zirudi nje. Lenzi zilizokuja baadaye, kuanzia miaka ya 1970, zilipakwa tando nyingi, kila moja ikiziba pengo la mwenzake. Hiyo ndiyo tofauti kubwa kati ya rangi za lenzi ya zamani na za lenzi mpya.

Nikaona nisiishie kwenye maelezo. Jaribio la kwanza lilikuwa la kitoto: nilifungua tundu la lenzi, nikaiweka juu ya karatasi nyeupe karibu na dirisha, nikaitazama karatasi kupitia kioo. Ilikuwa nyeupe yenye umanjano mchache sana, kama maziwa mbele ya tui. Wekundu haukuwepo.

La pili lilikuwa la gharama. Nilimwagiza mwenzangu aliyekuwa safarini mikanda miwili ya rangi ya aina moja, nikaazima kamera ya Kijapani yenye lenzi ya tando nyingi, nikarudi Chukwani saa kumi na nusu alasiri. Mkazamjomba akakubali kukaa pale pale alipokaa mama. Nikampiga kwa kamera hii na hii, jua likiwa nyuma yangu. Kisha nikamgeuza, nikampiga jua la bahari likiwa mbele yangu. Mikanda ikasafirishwa kwenda kusafishwa.

Picha ziliporudi, zile za jua la nyuma nililazimika kutazama alama nilizoziandika ili nijue ipi ni ya kamera ipi. Rangi ya kanga yake ilikuwa moja. Tofauti ilionekana katika zile za jua la mbele. Lenzi ya Kijapani ilitoa kanga ya kijani iliyokolea na uso uliozama kizani. Lenzi ya mjomba ilitoa utando wa mwanga juu ya picha nzima, kijani kikawa laini, lakini uso wa mkazamjomba ulionekana wote, mpaka mikunjo ya kicheko chake.

Hapo nikajiuliza, mbona ule umanjano nilioukuta kwenye karatasi haukuonekana pichani? Jibu lipo katika chumba cha kusafishia picha. Mkanda wa rangi wa kawaida hautoi picha moja kwa moja. Hutoa negativu, na picha huchapwa kutoka kwenye negativu hiyo. Fundi anayechapa huwa na vichujio vya rangi, na kazi yake ni kuona kama picha imeelemea manjano au buluu, akairudisha katikati. Kosa dogo la lenzi hufutwa hapo. Ni katika mikanda ya slaidi tu, ambayo haichapwi bali hutazamwa yenyewe, ndipo kosa la lenzi hubaki kama lilivyo.

Basi, wasikilizaji, ikawa hoja ya dada imeanguka. Kamera ya Kirusi haipigi nyekundu. Ikikosea, hukosea kuelekea manjano au kuelekea upole, na kosa lenyewe ni dogo. Nilirudi kwa mkazamjomba nikiwa mnyonge kidogo, kwani kwa kweli nilikuwa upande wa dada. Nikamwambia kwamba kaka ameshinda. Akaniuliza: "Na kikombe?"

Sikumwelewa. Akanichukulia picha ya mama mkononi, akaweka kidole juu ya kile kikombe cha bati. "Kikombe hiki ninacho mpaka leo, ni cheupe. Hapa kimekuwa cha waridi. Na chokaa yangu nayo imekuwa ya waridi. Nani alipaka ukuta wangu waridi?"

Huo ndio ulikuwa ufunguo wa jambo zima. Picha ya rangi imejengwa kwa dawa za rangi tatu: manjano, majenta ambayo ni waridi iliyokolea, na sayani, ile buluu ya kijani kama bahari ya Chukwani maji yanapokuwa juu ya mchanga. Rangi nyingine zote hupatikana kwa kuzichanganya hizi. Sasa, dawa hizi hazina umri sawa. Katika picha nyingi zilizochapwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, dhaifu kuliko zote katika kuhifadhiwa ilikuwa sayani. Hufifia hata picha ikiwa imefungiwa kizani ndani ya albamu, na joto na unyevu huiharakisha. Na sisi hapa joto na unyevu havijatuhama tangu tumezaliwa.

Sayani ikiondoka, picha nzima hubaki na wekundu. Ndiyo maana picha za zamani za rangi katika nyumba zetu nyingi ni nyekundu, ziwe zilipigwa kwa Zorki, kwa Kodak au kwa kamera ya Kijapani. Tumezoea kuiita hiyo rangi ya zamani, wengine wakaipenda, wengine wakaisingizia lenzi. Kumbe ni ugonjwa wa karatasi.

Na sasa fikirini zambarau hutengenezwa vipi pichani. Ni majenta pamoja na sayani. Ondoa sayani, unabaki na nini? Unabaki na wekundu wa kuelekea waridi.

Mkazamjomba alilifungua bati la biskuti. Ndani mlikuwa na negativu za mjomba, zimekatwa vipande vya picha sita sita, kila fungu ndani ya bahasha yenye mwandiko wake. Ya mwaka 1983 ilikuwepo. Nikampelekea kijana mmoja wa mjini mwenye mashine ya kusomea negativu. Sikumwambia habari ya kanga hata neno moja. Nilimwambia mambo mawili tu: kikombe ni cheupe, na ukuta ni wa chokaa. Aviweke hivyo viwili sawa, vingine aviache.

Negativu nayo huzeeka, sitaki kuwadanganya, na fundi wa leo anaweza kuifanya picha iwe na rangi yoyote aitakayo. Ndiyo sababu nilimfunga kwa kikombe na ukuta. Alipovirudisha kwenye weupe wao, majani ya mti ulio nyuma ya baraza yakawa kijani, ngozi ya mama ikawa maji ya kunde kama ya dada, na kanga ikawa zambarau.

Liko jambo jingine nililoliona katika picha ile, nalo ni haki ya lenzi, sina budi kulitoa. Jua lilikuwa upande wa bahari, ukuta nyuma unang'ara, na mama si mweupe. Mikanda na kadi za kupimia rangi za miaka hiyo zilitengenezwa zaidi kwa kuangalia ngozi za Wazungu; zile za kampuni ya Kodak zilijulikana kwa jina la Shirley, na kwa miaka mingi mwanamke wa kwenye kadi alikuwa mweupe. Mtu mweusi mbele ya ukuta mweupe aghalabu alitoka kama kivuli chenye meno. Mama hakutoka hivyo. Mwanga ule mzururaji wa ndani ya lenzi ya mjomba ulimwagika kidogo juu ya kiza cha uso wake, ukatosha kuuamsha mkanda. Kile tunachokiita udhaifu wa lenzi ya zamani kimechangia mimi kuyaona macho ya mama yangu.

Niliichapisha picha, nikawaita kaka na dada nyumbani kwangu, nikawaeleza kama nilivyowaeleza nyinyi. Kaka aliuliza maswali mengi, na yote yalikuwa ya haki. Aliuliza kama kijana aliambiwa rangi. Aliuliza kama kikombe hakikuwa na ua. Alipokwisha kuuliza alikaa kimya, halafu akamwambia dada: "Mpe mtoto kanga ya bibi yake." Dada hakumjibu kitu. Alikwenda kupika chai.

Wasikilizaji, kesi yetu imekwisha, lakini ya kwenu huenda haijaanza. Katika makabati yenu mna picha za harusi, za Idi na za siku za skuli, na kila mwaka zinapoteza kitu. Nina mawaidha machache. Kwanza, msitupe negativu. Wengi huona ni takataka, kumbe mara nyingi ndiyo shahidi bora kuliko picha yenyewe. Pili, picha na negativu zisikae chini ya bati la paa, wala katika zile albamu za kurasa za gundi; ziwekwe ndani ya bahasha za karatasi, mahali pakavu na pa baridi kuliko pote nyumbani. Tatu, mwenye kamera ya zamani asiiache ndani ya mfuko wa ngozi, kwani ngozi hushika unyevu na kuvu humea juu ya kioo kama nyuzi za buibui. Itazameni lenzi kwa tochi. Kuvu ikikaa sana huchimba kioo, na hapo hata fundi hana la kufanya. Nne, mkitaka kujua picha imeharibika kiasi gani, tafuteni ndani yake kitu mnachokijua kuwa ni cheupe: kanzu, ukuta, kikombe. Hicho ndicho kipimo chenu.

Na tano, waulizeni wazee wangali hai. Mimi nilisoma habari za vioo na mikanda kwa miezi mitatu, na aliyeimaliza kesi ni mkazamjomba kwa kidole chake.

Harusi ni mwezi ujao. Mkanda nimebakiwa na mmoja, na kamera nimeazimwa kwa sharti la kuirudisha bila mfuko wake. Nitampiga bi harusi picha barazani Chukwani, saa kumi na nusu, akiwa na kanga ya bibi yake, na nitahakikisha kikombe kipo ubavuni pake.

Mpaka wiki ijayo, kwaherini.